Shabu Kwenye Pipa la Swalihu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Semina imekwisha. Yaani kwangu mimi imekwisha. Ni ya siku mbili, lakini karatasi ya mahudhurio ilipitishwa leo asubuhi na nikasaini siku zote mbili. Kesho kuna nini tena? Chai ileile, sambusa zilezile. Mtu mwenye cheti cha kilimo cha mwaka 1974 hafundishwi mara mbili.

Hata hivyo nimeokota kitu. Dk. Zipora, yule mama wa Mradi wa Udongo, ametueleza habari za alumini. Nimeandika kila neno. Alumini ikiyeyuka udongoni huufuata mzizi, hukaa kwenye ukuta wa seli, pale penye milango midogo ya kupitishia kalsiamu, na kuziba. Kalsiamu inafika, inabisha hodi, haifunguliwi. Mzizi unadumaa, ncha zinavimba, majani machanga yanajikunja. Mmea unakufa njaa na chakula kipo nje ya mlango.

Nusura nilie pale ukumbini. Hayo ndiyo maisha yangu! Miaka kumi na tisa Bwana Shamba, halafu mwaka 1993 tunaitwa mmoja mmoja, tunaambiwa serikali inapunguza wafanyakazi, asante, kwaheri. Mimi ni kalsiamu. Na alumini ninaijua kwa jina. Inaitwa Swalihu.

Swalihu alikuwa tarishi wangu. Alinichemshia chai, akanibebea mafaili. Alipunguzwa siku ileile niliyopunguzwa mimi, ila yeye hakununa. Aliuza mitumba, akauza sabuni, sasa analima maharage bondeni nyuma ya Area D, tuta lake limepakana na tuta langu, kisima kimoja. Kila akiniona: shikamoo Bwana Shamba. Hakuna kinachoniudhi kama adabu ya huyu mtu.

Sasa Mradi unatafuta msimamizi wa shamba darasa. Mkataba wa miaka miwili, nyumba, baiskeli mpya. Tarehe 24 watakuja bondeni kukagua maharage ya waombaji. Waombaji tuko wawili, mimi na yeye. Nimemweleza mke wangu yote. Stara alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu kwamba hii ndiyo ya mwisho. Kaka yake Adamu anamwita kijijini Mlali akaliangalie shamba la maharage aliloachiwa na marehemu mama yao. Nikipata kazi, anabaki. Nisipopata, anakwenda, na hatapiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumatano, 5 Juni

Swalihu alihudhuria semina hadi jana jioni. Mjinga! Leo kisimani akaniuliza mbona hakuniona, nikamjibu kwamba yaliyobaki nilikuwa nayajua. Akatoa daftari, akasema kuna jambo muhimu Dk. Zipora alilieleza siku ya pili, kuhusu aina za udongo, na kama sitajali angenisomea. Nimekataa. Sisomewi na tarishi.

Kisha nikaenda sokoni, nikiwa na mpango kamili kichwani.

Dk. Zipora alitaja kwamba hata shabu ina alumini ndani yake. Shabu! Jiwe hili jeupe ambalo kila nyumba ya hapa Dodoma inalitia kwenye ndoo tope litulie. Wenzangu ukumbini walitikisa vichwa tu. Mimi nikaona mbali. Swalihu ana pipa. Hulijaza mchana maji ya kisima, yenye tope na chumvi, yatulie, halafu jioni anamwagilia. Katikati hapo anakwenda msikitini kusali Alasiri, na katika sala hana haraka kabisa.

Nimenunua kilo moja kwa Mwanahawa, anayeuza viungo na udi. Aliniuliza kama nimefungua kibanda cha kinyozi, maana vinyozi huipaka wakishanyoa ndevu. Nimemwambia ndiyo.

Nimeitwanga kwenye kinu cha Stara, nikakifuta vizuri. Alasiri ilipoadhiniwa nikasubiri, nikaingiza vijiko sita pipani na kukoroga kwa fimbo. Rakaa nne alizosali yeye zilinitosha. Zangu nitazilipa nyumbani.

Alumini, karibu. Kaa mlangoni. Usimfungulie mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Kisamvu cha leo kilikuwa na ukakasi, midomo yote ikajikunja. Stara aliangalia sahani, akaangalia kinu, akaniangalia mimi. Nimesema mihogo ya siku hizi haina ubora, tangu soko liachiwe huria.

Jumamosi, 8 Juni

Kumnyima Swalihu kalsiamu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujishibisha mimi. Kalsiamu iko wapi kwa wingi? Kwenye chokaa. Naomba yeyote atakayesoma haya baada yangu atambue kwamba hili nililifikiria peke yangu, bila mzungu, bila mradi.

Chokaa nimeipata kwa Halfani. Anamaliza ghorofa yake Area D, mafundi wanapaka. Mwaka 1983 huyuhuyu Halfani tulimkamata Kibaigwa na magunia arobaini ya mahindi, nikaandika taarifa kwa mkono wangu: mlanguzi. Leo anafanya biashara ileile, mahali palepale, na magunia elfu nne, anaitwa mwekezaji. Mimi niliyeandika taarifa nimesimama mlangoni kwake naomba masalia ya chokaa. Alicheka hadi akashika tumbo, akaniambia chukua mzee, chukua yote, siku hizi kila kitu ruksa.

Madebe mawili. Nimeyamwaga kwenye tuta langu lote, nikachanganya kwa jembe dogo, nikamwagilia. Tuta limekuwa jeupe. Limependeza.

Swalihu alitoka mbio upande wake, mikono ikitota maji. Samahani Bwana Shamba, naomba usione nakuvunjia heshima, lakini hiyo chokaa. Nilimkata hapohapo. Nikamuuliza nani kati yetu ana cheti. Akainamisha kichwa, akasema ni wewe, mzee wangu, akarudi kwenye pipa lake.

Wivu unamtafuna. Unaonekana hata kwenye mabega.

Alhamisi, 13 Juni

Upepo wa Juni unakata masikio. Nimekwenda bondeni nimejifunga kanga ya Stara kichwani, wapita njia wakanisalimu shikamoo bibi. Nikaongeza mwendo.

Maharage ya Swalihu: nilitegemea yaanze kujikunja. Badala yake yana rangi. Mwezi uliopita yalikuwa ya manjano kama yangu, maana bonde hili lote lina weupe wa magadi na mimea yake ina sura ya mgonjwa. Sasa yana kijani fulani. Nadhani ndiyo dalili ya mwisho. Hata mtu akikaribia kufa huwa anapata nafuu kidogo.

Kuna jambo jingine. Shabu ninayoitia kila Alasiri imefanya kazi yake ya siku zote na maji ya pipa yamekuwa maangavu kama ya chupa. Swalihu anamshukuru Mungu, anasema kisima kimejisafisha. Na kwa kuwa ni mtu wa watu, amewaambia akina mama waje wachote ya kupikia. Leo Stara kaniletea chai, akasema maji haya ni ya Swalihu, hayana tope hata chembe, mtu mwema sana yule.

Nilikuwa nimeshameza nusu kikombe!

Nimeacha chai. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikasukutua. Nina meno kumi na tisa yaliyobaki na magoti yanayolia nikiinama. Kalsiamu ya kupoteza nitaitoa wapi? Siwezi kumwambia Stara asichote bila kumwambia sababu. Nimemwambia tu kwamba maji maangavu hayana nguvu. Akasema nguvu za nini, kazi gani unafanya?

Nimekaa na swali hilo hadi Magharibi.

Jumanne, 18 Juni

Siku mbaya. Maharage yangu yamekuwa ya manjano tupu, mishipa tu ndiyo ya kijani, majani membamba kama karatasi. Asubuhi nilijisemea kwamba huo ni weupe wa kalsiamu, umejaa hadi unatokeza nje. Mchana nilijaribu kujisemea tena, sikujiamini.

Ya Swalihu yamefika gotini. Meusi kwa ukijani. Yana maua!

Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa kidogo. Huo ndio ukweli wa kisayansi. Alumini kidogo haiwezi kuziba milango yote. Lazima iende nyingi. Nimerudi kwa Mwanahawa kuchukua kilo mbili. Akaniuliza hao wateja wangu wana ndevu za namna gani.

Nimetia vijiko ishirini. Mwenye pipa alikuwa amesujudu.

Ijumaa, 21 Juni

Swalihu amemletea Stara fungu la majani ya maharage, anasema yanazidi, anayapunguza ili maua yapate nafasi. YANAZIDI. Stara kayapika kwa karanga. Niliapa sitayagusa. Harufu ikajaa nyumba nzima. Nilikula sahani mbili na kila tonge lilinichoma moyo.

Stara alikaa pembeni akanitazama nikila. Akaniuliza, si kwa ubaya, kama nakumbuka wakati nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kwenda Mlali kwa pikipiki ya ofisi kuwaonyesha wakulima namna ya kupanda kwa mistari. Ndiko alikoniona mara ya kwanza, kwenye shamba la mama yake. Nilishika kamba upande huu na mama yake upande ule. Alisema siku ile aliona mtu anayependa mimea.

Nikamjibu kwamba mimea haimpendi mtu. Kisha nikatamani nisingesema.

Jumatatu ni ukaguzi. Alasiri nimetumbukiza shabu yote iliyobaki pipani, nyingine mabonge mazima, sikuwa na muda wa kuitwanga. Siku ya Ijumaa Swalihu hukawia kidogo msikitini kusalimiana na watu. Nami ningekuwa na haki ya kusalimiana nao, lakini pipa lilikuwa linangoja.

Jumatatu, 24 Juni

Naandika ili nisipasuke.

Dk. Zipora alikuja saa nne na wenzake wawili na gari la Mradi. Watu wa bondeni wote walikusanyika, na Stara alikuwepo, amevaa gauni la Idi. Kwangu walisimama dakika moja. Dk. Zipora alichota udongo, akautia maji ya kichupa, akakunja uso, akauliza nani kamwaga chokaa hapa. Nilisema ni utafiti. Akasema pole.

Pole!

Kwa Swalihu walikaa nusu saa. Walipima, walipiga picha, waling'oa mmea mmoja na kuushika mzizi wake kama wanamshika mtoto mchanga. Mweupe, mrefu, nywele tele. Ncha hazijavimba. Dk. Zipora akamuuliza ametumia nini, Swalihu akasema samadi tu na rehema ya Mungu, na kwamba maji yamekuwa masafi tangu mwanzo wa mwezi. Dk. Zipora akainama pipani, akakunja mkono wa gauni, akatoa bonge la shabu.

Nikaanza kutafuta njia ya kula kona katikati ya watu.

Lakini yule mama akacheka kwa furaha! Akasema aliyefanya hivi anajua kazi. Udongo wa bonde hili una magadi, na shabu inayapunguza makali. Chuma kilichokuwa kimefungwa udongoni kinafunguka, ndiyo maana majani yamekuwa ya kijani. Na alumini yenyewe haina madhara hapa, kwenye magadi inalala usingizi. Akasema hajawahi kumwona mkulima wa kawaida akifikia hapo peke yake. Akamuuliza Swalihu alifikiriaje.

Swalihu, mwendawazimu yule, akasema kweli. Akasema si yeye, hajui imefikaje.

Sasa mtu mwingine angefanya nini? Kazi ilikuwa imesimama pale katikati haina mwenyewe! Nilipiga hatua mbele, nikajigonga kifua, nikapaza sauti kwamba ni mimi. Ni mimi niliyetia! Tangu tarehe tano, kila siku, wakati wa Alasiri!

Dk. Zipora akaliangalia pipa la Swalihu. Akaliangalia tuta langu jeupe. Akauliza, kwa upole, kwa nini basi nilitia shabu kwa jirani na chokaa kwangu.

Nilitafuta jibu, Mungu shahidi, nilitafuta hadi kisogo kikaniuma. Kuna aliyeanza kucheka kwa nyuma, kisha bonde zima.

Swalihu ndiye aliyewanyamazisha. Alisema bila shaka Bwana Shamba alitaka kumsaidia bila kujulikana, ndivyo wakubwa wetu walivyo. Alisema hivyo huku akinitazama usoni, na macho yake yalijua kila kitu. Heri angenipiga kofi.

Kazi amepewa yeye. Stara hakungoja tangazo. Nilimwona anapanda kilima peke yake na lile gauni lake la Idi.

Jumatano, 26 Juni

Stara amekwenda. Alifunga mzigo mmoja, akafagia nyumba kwanza, akaniachia unga wa wiki. Hakupiga kelele, kama alivyoahidi. Alisema hanichukii kwa kushindwa, amenizoea nikishindwa. Anaondoka kwa sababu nilikuwa nangoja mtu aende kusali ndipo nimtilie. Hadi Adhuhuri nilimfikiria. Baadaye nilikuwa nimekasirika tena, ni rahisi zaidi.

Mchana walikuja Dk. Zipora na Swalihu. Swalihu alitaka nimsaidie kwenye shamba darasa, alisema ananihitaji, mshahara mdogo lakini upo. Nimbebee ndoo tarishi wangu! Nimekataa kabla hajamaliza.

Dk. Zipora alibaki nyuma kidogo. Alinihurumia, nadhani, au aliogopa. Alirudia mara tatu kwamba nisije nikatia shabu mahali pengine popote. Hapa imesaidia kwa bahati tu. Kwenye udongo mwekundu wa milimani, kama ule wa Mlali, udongo ni mchachu, na huko alumini haina usingizi. Huko ndiko inakoziba milango ya mizizi hadi mmea unakufa. Huko dawa ni chokaa. Akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akauliza kama nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa.

Nimeelewa vizuri sana. Hawa wasomi ndivyo walivyo. Kitu kikigunduliwa na mtu asiye na udaktari, lazima waseme kimetokea kwa bahati na kwingine hakifai. Nimeona kwa macho yangu haya mawili: shabu, maharage hadi gotini, maua. Chokaa, manjano. Halafu aniambie kinyume chake! Ananikinga nisiende mbele yake na ugunduzi wangu.

Jumapili, 30 Juni

Kibaigwa. Nimekaa juu ya magunia nasubiri gari la Mlali. Malori yamejipanga hadi barabara ya Dar, madalali wanagombana, mmoja kaniuliza nauza nini. Nimemwambia siuzi.

Nina kilo kumi na mbili za shabu. Nimeuza redio. Mwanahawa hakuniuliza kitu safari hii, alipima tu, kisha akaniwekea mkono begani. Karatasi ya Dk. Zipora imefaa kufungia mabonge madogo.

Stara ataona. Siendi kuomba msamaha kwa maneno, maneno yangu ameshayachoka. Nakwenda na kazi.

Jumanne, 2 Julai

Mlali. Sikutegemea mapokezi haya. Shemeji Adamu alinipa maji ya kunawa bila swali. Stara alinitengea chakula kwa mikono yake, na nilipomwambia nimekuja kwa sababu nyumba imekuwa kubwa mno, aligeuka pembeni akajifuta macho kwa upande wa kanga. Akasema tuone. Hakusema hapana. Amesema tuone!

Jana jioni alinionyesha maharage. Mistari kumi na miwili kwenye udongo mwekundu, anayanywesha kwa mfereji kutoka mlimani, yameanza kutoa vitumba. Alitembea katikati yake polepole, akiyagusa kwa ncha za vidole. Alisema ndicho kitu pekee cha mama yake alichobaki nacho. Akaniomba jambo moja tu, nisiyaguse. Nimemwahidi, na nimetimiza. Sijagusa hata jani.

Leo walikwenda wote kusali Alasiri. Nimeitia shabu mferejini, kilo zote kumi na mbili, nimeikoroga mpaka ikayeyuka, sijabakiza hata punje. Maji yalishuka maangavu kabisa kwenye kila mstari. Sijawahi kufanya kazi safi kama hii tangu nilipopunguzwa.

Sasa hivi Stara yuko jikoni anakuna nazi, nasikia anaimba kidogo. Sijamwambia. Nataka akayaone mwenyewe.